Chupa Imejaa Madume: Kuchagua Njia ya Kupambana na Nzi wa Embe

Msimu wa kwanza miembe yangu ya kubebesha ilipozaa, hapa Mkuranga, nilitundika chupa nane za maji zilizotobolewa matundu, ndani nimeweka pamba yenye kivutio na dawa. Baada ya wiki nikazishusha. Nzi wafu walikuwa wamejazana chini ya kila chupa kama ukoko wa wali. Nikapiga picha, nikawatumia ndugu na jamaa, na kila aliyeiona akanipa hongera.

Desemba akaja mnunuzi. Akachagua embe moja nzuri, aina ya Apple, akaikata mbele yangu kwa kisu chake. Funza wakachomoza. Hakusema neno. Aliokota tenga lake akarudi kwenye gari.

Chupa zile hazikuwa mbovu, ila mimi sikujua zinamuua nani. Tangu hapo, kila nikiulizwa njia ipi ni bora, nami huuliza: hiyo njia inampata dume, jike, funza, au nzi aliye bado ardhini? Ukishajua hilo, bei na kazi utazipima vizuri zaidi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Tunayemzungumzia ni Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda kutoka Asia. Aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kuwa spishi mpya, wakampa jina la invadens, yaani mvamizi. Miaka kumi baadaye wakakubaliana kwamba ni yuleyule dorsalis aliyejulikana Asia zamani. Unaweza kudhani hayo ni mabishano ya majina tu, lakini yana faida kwetu: njia zilizojaribiwa Hawaii na Japani zilimlenga mdudu huyuhuyu.

Huku kwetu alikuta wenyeji wa jamii ya Ceratitis, hasa Ceratitis cosyra aliyekuwa bwana wa maembe. Katika maeneo ya tambarare yenye joto, mgeni alimsukuma mwenyeji pembeni kwa miaka michache tu. Ukipanda milimani, kama Uluguru, idadi ya mgeni hupungua na wenyeji wanaopenda baridi hubaki na nguvu. Kuwatofautisha ni rahisi: mgeni ana mistari ya njano mgongoni na bawa angavu lenye ukingo mweusi mwembamba, na kwa mbali utadhani ni nyigu mdogo. Wa kienyeji ana mabawa yenye mabaka.

Hasara yake si ya shambani tu. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka embe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na soko hilo halikufunguka tena hadi 2021, baada ya kazi kubwa ya kupunguza nzi katika maeneo kama Makueni.

Chupa na chambo

Hizi mbili ndizo watu huzichanganya sana, kwa sababu dukani zote huitwa "dawa ya nzi wa embe".

Kivutio cha ndani ya chupa ni methili eujenoli. Harufu yake imo kwa asili katika mimea kadhaa, ikiwemo mirehani ya jamii ya tulsi. Dume akiila, humsaidia kuwavutia majike, ndiyo maana huifuata kama mlevi anayesikia ngoma. Anaingia, anaonja, anakutana na malathioni, ile sumu ya wadudu, basi. Jike haingii. Kwa hiyo ule ukoko wangu wote ulikuwa madume matupu, na majike walikuwa juu mtini wakitaga.

Utasema: madume wakiisha, majike watazaa na nani? Hesabu hiyo ni sahihi, na imewahi kufaulu. Katika miaka ya 1960 kisiwa cha Rota, kwenye visiwa vya Mariana huko Pasifiki, nzi huyu aliangamizwa kwa kuwaua madume tu. Japani ilifanya hivyo katika visiwa vyake vya kusini ikamaliza mwaka 1986. Lakini huko kivutio kilisambazwa eneo zima, porini na mijini, kwa mkono wa serikali, na bahari ilizuia nzi wapya wasiingie. Dume mmoja akibaki, huweza kupanda majike kadhaa. Na kati ya shamba langu na la jirani hakuna bahari, kuna ua wa minyaa. Majike waliokwisha kupandwa huko huja kwangu na mimba zao.

Mzee jirani yangu, mwenye midodo mikubwa ya enzi za baba yake, alipoziona chupa zangu alicheka: "Endelea, mwanangu. Unanisafishia na kwangu." Alikosea kidogo. Nilikuwa nawaita madume wake na kuwaacha wake zao.

Chambo cha protini ni habari nyingine. Jike akitoka ardhini mayai yake hayajakomaa. Anahitaji siku kadhaa za kula protini kabla ya kutaga. Chambo kinatumia njaa hiyo. Ni maji ya protini, mara nyingi yanayotokana na hamira iliyobaki kwenye viwanda vya bia, yakichanganywa na dawa kidogo kama spinosadi, ambayo hutokana na bakteria wa udongoni. Hupulizii mti mzima. Unapuliza sehemu ya kama mita 1 ya mraba kwenye majani, upande wa chini, na nzi anakifuata mwenyewe. Jike anakufa kabla hajatoboa embe. Na kwa kuwa njaa ya protini ni ya nzi wote wa matunda, chambo kinawapata hata wale wa kienyeji ambao methili eujenoli haiwagusi.

Ubaya wake ni ratiba. Chupa unaweza kuitundika ukaisahau kwa wiki sita hivi kabla ya kubadilisha kivutio. Chambo kinatakiwa kila wiki, kuanzia embe zinapofika nusu ya ukubwa wake hadi ya mwisho ianguliwe, na mvua ikinyesha leo asubuhi, ulichopuliza jana kimekwenda na maji. Msimu wetu wa pwani huangukia vuli na mwanzo wa kiangazi, kwa hiyo utapuliza na kurudia. Mtu anayeishi mjini na kuja shambani mara moja kwa mwezi asijidanganye na chambo, isipokuwa ana kijana mwaminifu pale.

Mwenye fedha ya kimoja anunue chambo. Chupa mbili tatu azibakishe za kupimia: ahesabu nzi kila wiki, aandike kwenye daftari, na idadi ikianza kupanda ajue wakati wa kupuliza umefika. Wakulima wa bonde zima wakikubaliana kutundika vivutio kila mita 50 hivi, shamba kwa shamba, hapo chupa inakuwa silaha kweli. Mkulima mmoja peke yake anafuga takwimu. Na mkitundika, vaeni glovu. Muuzaji mmoja aliwahi kunipimia dawa hiyo kwenye kizibo cha soda kwa mikono mitupu, nikamnunulia sabuni badala ya kubishana naye.

Embe zilizoanguka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapoharibikiwa, na njia hii ndiyo isiyouzwa dukani.

Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Yai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Funza hula nyama ya embe kwa wiki moja na kitu, halafu hutoka, huingia ardhini sentimita chache tu, hujifunga kwenye ganda la rangi ya kahawia linalofanana na punje ya ngano, na baada ya siku kumi hivi hutoka nzi kamili. Kwa joto la pwani, mzunguko wote unachukua kama wiki tatu au nne. Maana yake embe zilizooza Novemba chini ya mwembe wa mapema ndizo zinazotoa nzi wa Desemba.

Kwa hiyo kuziokota kunaua funza wakiwa kundi, kabla hawajatawanyika. Lakini kuna namna ya kuokota isiyosaidia. Wengi wetu hufagia mara moja kwa wiki mbili na kulundika pembeni, kwenye ukingo wa shamba. Lundo lile ni kiwanda. Embe iliyolala chini siku tatu huenda imeshatoa funza wake wote ardhini; unachookota ni ganda. Okota mara mbili kwa wiki bila kukosa, pamoja na zile zenye alama za kutobolewa ambazo bado zinaning'inia.

Ukishaziokota una njia tatu. Ya kwanza ni shimo la futi mbili kwenda chini, na udongo ushindiliwe. Shimo la kina kifupi halifai, nzi wachanga hupenya wakatoka. Ni njia ya bure kwa mwenye mchanga laini, adhabu kwa mwenye udongo wa mfinyanzi wakati wa jua. Ya pili ni kuzifunika kwa nailoni nyeusi, kingo zote zikandamizwe kwa udongo, jua lizipike kwa wiki kadhaa. Zamani tulishauriwa kuzifunga kwenye mifuko ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo tumia nailoni pana ya shambani na uihifadhi kwa msimu ujao. Angalia isitoboke. Tundu la kidole linatosha kuharibu kazi yote.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, ingawa inataka fundi: hema dogo lililofungwa kila upande, lenye dirisha la wavu juu. Unamwaga humo embe mbovu. Nzi wakitoka hawawezi kupita kwenye matundu ya wavu, lakini nyigu wadogo wanaowaua hupita na kurudi shambani. Lilibuniwa Hawaii, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimelieneza kwa wakulima. Kwa kikundi cha wakulima watano, hema moja katikati linatosha zaidi ya mashimo matano.

Tatizo kubwa la njia hii kwetu Pwani si kazi, ni biashara ya kuuza mti. Mwenye shamba anauza embe zingali maua au zikiwa changa, dalali analipa kidogo mapema, na kuanzia hapo mti si wa mtu. Dalali anataka embe nzuri za juu, zilizoanguka hazimhusu. Mwenye shamba anasema ameshauza, hazimhusu. Nzi wanakula kwa starehe. Ukiuza kwa mtindo huo, mwandikiane nani ataokota, na ukate fedha yake humohumo kwenye bei.

Halafu tazama miti mingine uani. Nzi huyu hakai akingoja embe. Miezi isiyo na embe anaishi kwenye mapera, mastafeli, machungwa, na kungu. Ule mkungu wenye kivuli kizuri tunaochezea bao chini yake ndio nyumba yake ya wageni.

Maji moto au mfuko wa karatasi

Njia hizi mbili hazimuui nzi. Zinamzuia asitage. Nimezifuatanisha kwa sababu zinawafaa watu tofauti kabisa.

Maji moto kila mtoto wa pwani anawajua kwa maumivu yao: sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa mfuko. Jike wa nzi akitua kwenye embe lililopitiwa nao husumbuliwa, na hata wasipokuwepo, harufu waliyoiacha humfanya aondoke. Si jambo jipya. China walifuga ndugu zao kwenye michungwa tangu karne ya 4. Zanzibar, katika miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alionyesha jinsi wanavyolinda minazi dhidi ya kunguni anayeharibu nazi, na kwenye mikorosho wanasaidia dhidi ya mbu wa mikorosho. Mwenye shamba la mchanganyiko wa minazi, mikorosho na miembe anapata ulinzi wa mazao matatu kwa kundi moja.

Kuwahamisha ni kazi ya alfajiri: kata viota, vyote kutoka kundi moja, vifunge kwenye mti mpya, na unganisha miti kwa kamba ili wapite bila kushuka. Ukichanganya makundi mawili watapigana hadi waishe. Wana adui pia, sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa wanaokaa ardhini. Wakiwa wengi shambani, maji moto hawatadumu.

Ubaya? Muulize mchumaji. Atakudai malipo zaidi, au ataangua kwa upembo akiwa chini na kuzichubua embe. Majivu mikononi na miguuni husaidia kidogo. Pia maji moto huwalinda wadudu weupe kama unga wanaonyonya utomvu, kwa sababu hulamba utamu wao, na embe hutoka na masizi meusi juu ya ganda. Kwa soko la kawaida unaifuta. Kwa mnunuzi wa maduka makubwa ni kasoro.

Mfuko wa karatasi ni kinyume cha yote hayo. Unafunga embe moja moja baada ya zile changa za kudondoka zenyewe kwisha, zikiwa na ukubwa wa yai, na hakuna nzi atakayegusa iliyofungwa vizuri. Hakuna dawa, hakuna kuumwa. Lakini hebu fikiria midodo ya jirani yangu, kila mmoja urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, embe mamia juu. Nani atapanda? Mifuko ni ya miti mifupi ya kubebesha, unayoifikia kwa ngazi, na kwa embe zenye mnunuzi wa bei nzuri. Jambo moja lisikushangaze: embe iliyokua gizani haipati wekundu wake. Ukifunga Red Indian au Apple kwa soko linalonunua kwa macho, uza kwanza kwa mdomo, au fungua mifuko siku chache kabla ya kuvuna na ukubali hatari.

Nyingine, kwa ufupi

Kupuliza dawa mti mzima ndiyo njia inayopendwa zaidi na ndiyo ninayoiweka mwisho. Mayai na funza wako ndani ya embe, dawa nyingi haziwafikii. Nzi mpya anaingia kesho kutoka ng'ambo ya ua. Na waliokufa wa uhakika ni maji moto na nyigu waliokuwa upande wako. Ongeza sumu iliyobaki kwenye ganda kwa sababu hukusubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo. Kama ni lazima, hakikisha imesajiliwa nchini kwako kwa ajili ya embe.

Nyigu wa kigeni, Fopius arisanus, aliletwa icipe kutoka Hawaii mwaka 2006, kwa kuwa nyigu wetu wa asili walishindwa: mayai yao hukabwa ndani ya mwili wa funza wa mgeni. Huyu hutaga ndani ya yai la nzi lenyewe. Si kitu utakachonunua dukani ukaachia shambani Jumamosi. Unachoweza ni kutomuua, na kumtunza kwa lile hema la wavu.

Kuvu wa udongoni, Metarhizium anisopliae, aina ya ICIPE 69, anawapata funza wanapoingia ardhini. Anakwenda vizuri pamoja na chambo kwa sababu kila kimoja kinashika umri tofauti wa nzi. Anahitaji unyevu na kivuli, kwa hiyo chini ya mwembe wenye majani mengi anakaa vyema kuliko kwenye ardhi iliyofagiwa ikaachwa wazi kwa jua.

Kwa shamba lako

Mwenye miti mitatu ya dodo uani, anayekula na kuwagawia majirani: okota, zika, na usiwafukuze maji moto wakija wenyewe. Usinunue kitu.

Mwenye miti ishirini hadi mia ya kubebesha, anayeuza Dar es Salaam au Mombasa: kuokota mara mbili kwa wiki, chambo kila wiki, chupa mbili za kupimia. Miti ya nje inayopakana na shamba lisilotunzwa ipulizie chambo hata kama haina matunda mengi, kwa sababu nzi huingilia huko. Fedha ikibaki, ongeza kuvu kabla hujaongeza chupa.

Anayelenga soko la nje hana anasa ya kuchagua njia moja. Wanunuzi wa huko wanakataa mzigo mzima kwa funza mmoja, kwa hiyo yote yaliyotangulia yanahitajika, majirani wote wahusike, na hata baada ya kuvuna embe huzamishwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 46 za Selsiasi kwa zaidi ya saa moja. Bila kikundi, acha kwanza.

Na aliye mjini, shamba linaangaliwa na ndugu? Maji moto. Hao hawahitaji mshahara wala simu ya kuwakumbusha, na wezi wa embe pia huwaogopa.

Kwangu mimi mwaka huu miti ya Apple inapata chambo kila Jumanne asubuhi, daftari limening'inia kwenye msumari wa banda, na mzee jirani amekubali mjukuu wake aokote midodo yote kwa kulipwa kilo moja ya sukari kwa wiki, ninayonunua mimi. Ni nafuu kuliko kivutio. Mifuko ya karatasi iliyobaki nimeziwekea embe za aina ya Keitt, zinazochelewa kuiva wakati nzi wote wa bonde hili hawana pengine pa kwenda.